Chini Hatulii

Mageni hakutaka kwenda. Hilo lijulikane mapema, maana baadaye walitokea watu wa kusema kwamba ni yeye aliyempeleka mtoto kwenye ule mchanga, na watu wa Kalangalala pale Geita wakishaanza kusema, ukiwafungia mlango watapitia dirishani. Hakutaka. Aliyetaka ni jirani yake wa chumba cha pili, Paskalia, mama yake Noela, mwimbaji wa sauti ya kwanza kwenye kwaya, mwanamke ambaye akishika jambo ni kama kupe, haachi mpaka ashibe.

"Mama Limi, ni Jumatatu ya Pasaka moja tu," alimwambia, akiwa amesimama mlangoni na ndoo mkononi. "Fuso limeshapatikana. Tunapika kule kule ziwani, tunaimba, watoto wanauona ule mlima wa mchanga. Utakaa hapa na nani, na kuta?"

"Mchanga nauona wa kunitosha, Mama Noela."

"Ule wa mwaloni ni kazi. Huu ni wa kuchezea."

Mtu asiyefanya kazi mwaloni utamweleza nini. Mwaloni ndiko mawe ya dhahabu yaliyosagwa kwenye karasha huoshwa kwa maji, na ule mchanga unaobaki, marudio, hulundikwa pembeni mpaka unazidi nyumba kwa urefu. Wanawake kama Mageni huyachukua marudio hayo na kuyaosha upya kwenye karai, wakitafuta kile kidogo kilichowaponyoka wenye mawe. Alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu Limi ananyonya. Mchanga ulikuwa kwenye nywele zake, kwenye godoro, na siku nyingine kwenye ugali, ukausikia ukilia menoni. Aliujua mchanga. Alijua kwamba lundo hulichoti chini. Ukichota chini, cha juu kinashuka, na kikishuka hakiulizi nani amesimama hapo.

Limi, bintiye wa pekee, darasa la nne, alikatazwa kabisa kucheza chini ya lundo lolote la mchanga. Hiyo ilikuwa amri ya kwanza ya nyumba ile. Amri ya pili ilikuwa kubwa zaidi, na ina historia yake.

Baba yake Limi aliitwa Maduhu. Walitoka pamoja vijijini Shinyanga, akina sisi wa pamba na ng'ombe, wakahamia pande za Bulyanhulu kwa sababu Maduhu alisikia kwamba wachimbaji wadogo kule wanapata. Wengine walipata kweli. Maduhu aliingia kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji, pamoja na mwenzake mmoja, na mvua ya masika ikanyesha, na ukuta ukaanguka katikati ya shimo, wao wakiwa chini. Hawakufa palepale. Sauti ya Maduhu ilisikika mpaka juu. Alikuwa akimwita Mageni kwa jina, naye Mageni akiwa juu na mtoto mgongoni alikuwa anamjibu. "Sema, Maduhu," alikuwa akiita. "Endelea kusema nikusikie." Na Maduhu akasema. Alisema mchana kutwa, watu wakichimba, na kila aliposema mkewe alishukuru Mungu. Kabla jua halijazama sauti ikawa ndogo, kisha ikakatika.

Yule mwenzake alitoka hai kesho yake. Yeye hakuwa amepiga kelele hata mara moja. Alikuwa ameshika jiwe akigonga ukuta polepole, mara tatu, anapumzika, mara tatu tena. Baada ya matanga mchimbaji mmoja alimweleza Mageni jambo ambalo wachimbaji wote wanalijua na wake zao hawaambiwi: kule chini hewa ni kama maji ya kibuyu, na anayepiga kelele anakunywa kwa pupa. Hakusema zaidi, lakini Mageni si mjinga. Alielewa nani alikuwa akimhimiza Maduhu anywe.

Ndipo amri ya pili ilipozaliwa. Limi alipoanza tu kuelewa maneno, aliambiwa: ukifukiwa na kitu chochote, ardhi, ukuta, lolote lile, hulii. Hupigi kelele. Unagonga mara tatu, maana yake nipo. Wa juu akisikia anakugongea mbili, maana yake tumekusikia. Juu tunaweza kulia, chini hatulii. Mama na mwana waliligeuza likawa mchezo. Limi akirudi shule hagongi hodi kama watoto wa watu. Anapiga mlango tatu, na Mageni kutoka jikoni anajibu mbili kwa mwiko kwenye sufuria. Majirani walicheka. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, alikuwa akisema Paskalia kwa utani, huyu wako atakuja kugonga hata siku ya harusi yake.

Basi. Kupe alishinda. Asubuhi ya Jumatatu ya Pasaka Mageni alijikuta juu ya fuso kati ya masufuria na gunia la mchele, Limi na Noela wakiwa wamesimama mbele wameshika bomba, upepo unawajaza midomo. Noela alikuwa na miaka saba, mdogo kwa Limi kwa miwili, na popote Limi alipokwenda Noela alikuwa kisigino chake.

Mlima wenyewe walianza kuuona kabla ya ziwa. Ulikaa ufukweni peke yake, mweupe, mrefu kuliko kanisa na mnara wake, upande mmoja umeegemea maji na upande wa pili umeinamia kijiji kidogo cha wavuvi. Hapakuwa na mti juu yake wala jani. Wanakwaya walipiga vigelegele. Mageni aliutazama ule ubavu wa upande wa kijiji, mkali, laini, umesimama kama marudio yaliyomwagwa jana.

Aliyewapokea ni Januari, fundi mitumbwi wa pale, mtu mwembamba mwenye randa kwapani hata siku ya sikukuu. "Karibuni, ila mjue huu mlima unatembea," aliwaambia. "Upepo wa ziwani unausukuma kila kukicha. Mwaka juzi ulikula choo changu, na kilikuwa kipya, hakijapata hata mgeni." Watu wakacheka. Aliwaonyesha kwa kidevu mtumbwi mkubwa wa zamani uliofudikizwa chini ya ubavu ule mkali, nusu yake imeshamezwa, tezi peke yake, ncha ya nyuma, imebaki nje. "Ule ulikuwa wa marehemu kaka yangu. Nao unaondoka hivyo hivyo, kidogo kidogo."

Mageni alimvuta Limi pembeni. "Umeuona huo mlima?"

"Nimeuona, mama."

"Panda juu ukitaka, uteleze na wenzako upande wa majini. Chini ya ule ubavu sitaki kukuona. Nimesema nini?"

"Chini ya ubavu hapana."

Akampa kanga yake ya kukalia, akaenda kupika. Alipangiwa pilau, na pilau la watu arobaini halimwachi mtu ageuze shingo. Spika ilifungwa kwenye jenereta, nyimbo za kwaya zikaanza kulia mpaka ng'ambo. Wanaume, wengi wao wachimbaji wa madini waliooga vizuri siku hiyo, walipanda mlima pamoja na mwalimu wao wa kwaya, Theonest, ambaye naye aliacha shimo akashika kinanda. Walifika kileleni wakashikana mikono mstari mmoja, wakateremka mbio ule ubavu mkali huku wakipiga kelele za furaha.

Mageni aliinua macho kutoka kwenye sufuria. Aliona mchanga ukishuka mbele ya miguu yao, bamba zima, kama ngozi ya maziwa inayosukumwa na kijiko. Wanaume walianguka, wakacheka, wakapanda tena. Wakateremka tena. Bamba jingine likashuka. Alitaka kusema kitu, lakini angesema nini, watu wazima wanacheza, na mchele ulikuwa unaanza kushika chini. Akageuza pilau.

Chakula kilipoiva Paskalia alianza kuwaita watoto. Walikuja wakikimbia, wamelowa, wana mchanga hadi masikioni. Limi hakuwamo. Noela alikuja wa mwisho, akitembea polepole, amekumbatia chupa ya plastiki yenye maji.

"Limi yuko wapi?" Paskalia alimuuliza.

Noela aliitazama miguu yake. "Kule."

"Kule wapi?"

Mtoto akanyoosha kidole ziwani. "Alikuwa kwenye maji."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mwanamke mmoja alipiga yowe, mwingine akalipokea, na kabla sahani hazijawekwa chini wanaume walishakuwa majini na suruali zao. Januari alisukuma mtumbwi. Theonest alipiga mbizi, akaibuka, akapiga tena. Akina mama walisimama kwenye ukingo wakiwa wameshika vichwa, wakilia jina la Limi, na spika ikaendelea kuimba peke yake kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuizima.

Mageni alikwenda na wote mpaka maji yakamfika magotini. Kisha akasimama. Hakulia. Kuna waliomtazama kwa jicho baya kwa hilo, na mmoja alinong'ona kwamba mama gani huyu, au ndiyo ukali wa kushinda na karai. Wacha waseme. Mageni alikuwa anafikiri, na kufikiri kulikuwa kunamuuma kuliko kulia. Limi alikuwa anaogopa maji. Hata bwawa la mwaloni hakulikanyaga. Na ile kanga iko wapi? Mtu akiingia kuoga anaacha kanga nchi kavu.

Akarudi kwa Noela. Mtoto alikuwa amekaa nyuma ya gurudumu la fuso na chupa yake. Mageni alichuchumaa mbele yake. Aliiona mikono ya Noela: mikavu, mchanga umeshika mpaka kwenye viwiko, kucha zimejaa. Mikono ile hakuhitaji kuambiwa ni ya nini. Ni mikono aliyokuwa nayo yeye kila jioni.

"Noela," alisema taratibu. "Maji haya ulikuwa unayapeleka wapi?"

Mtoto akaikumbatia chupa zaidi.

"Sitakupiga, na mama yako hatakupiga. Mlikuwa mnaosha nini?"

"Dhahabu," Noela akasema.

Nani asiyejua mchezo huo. Wape watoto wa pwani mchanga watajenga nyumba. Wape watoto wa Geita mchanga watachimba duara. Watachagua mwenye shimo, watachagua wa kuvuta kamba, na wa kushuka atakuwa yule ambaye baba yake alikuwa mchimbaji kweli. Limi alishuka. Kanga ya mama yake ilikuwa kamba. Noela alitumwa maji ya kuoshea.

"Duara lilikuwa wapi, mwanangu?"

"Chini ya mtumbwi. Tulitoboa mchanga pembeni, Limi akaingia ndani, ndani kuna nafasi. Niliporudi..." Akaanza kulia. "Niliporudi mtumbwi haupo."

Mageni aligeuka akautazama ubavu wa mlima. Ulikuwa laini kutoka kileleni mpaka chini. Tezi ya ule mtumbwi, iliyokuwa nje asubuhi, haikuonekana popote. Palipokuwa na mtumbwi palikuwa mchanga tu, mrefu, mweupe, unaofanana kila mahali, na nyayo za wanaume waliokuwa wakicheza.

Alikimbia mpaka ukingoni, akamshika Theonest aliyekuwa akitoka majini akihema, akamwambia mara moja, bila kupiga kelele, "Mwalimu, mtoto hayuko ziwani. Yuko chini ya mchanga. Mmemfukia."

Theonest hakubisha. Aligeuka, akawaita wenzake, na wanaume wote wakaukimbilia mlima. Lakini hofu haina akili. Wachimbaji wale, wenye mashimo yao, waliingia chini ya ubavu na kuanza kupekua kwa mikono na masufuria, kila mmoja mahali pake, na kila walichotoa mlima ulirudisha mara mbili. Bamba likateremka likamzika mmoja mpaka kiunoni.

"Tokeni chini hapo," Mageni alisema. Hawakumsikia. Akaokota mfuniko wa sufuria akaupiga kwa jiwe mpaka wakageuka. "Tokeni. Mnamwongezea. Kwanza tujue yuko wapi."

Januari alikuwa ameshafika. Alijaribu kukumbuka mtumbwi wa kaka yake ulikaa wapi hasa. Alipiga hatua huku, akarudi kule, akasimama, akasema ni hapa, kisha akasema hapana. Bila ile tezi alipotea kama mgeni. Mlima ulikuwa umebadilika sura mbele ya macho yake.

"Tunyamaze tumsikilize," Paskalia akasema, machozi yanamtiririka. Wakanyamaza kidogo. Aliita yeye kwa sauti yake ya kwanza, ile inayojaza kanisa: "Limi!" Wakasubiri. Hakuna. Akaita tena. Hakuna.

Theonest aliinamisha kichwa. "Mama Limi," alisema kwa shida, "mtumbwi ni mbao. Angekuwa hai angelia, tungesikia walau kidogo."

Na hapo ndipo Mageni alipopatwa na hofu ya kweli, hofu ambayo hata kule majini hakuwa nayo. Kwa sababu alijua. "Hatalia," akasema. "Nilimfundisha asilie."

Watu walimtazama.

"Mimi nilimfundisha. Mkikaa hapa kusubiri kilio mtakaa mpaka kesho, na mkiondoka mtamwacha hai. Huyu anagonga. Zimeni jenereta."

Unajua, wale walikuwa wanakwaya asubuhi, lakini neno hilo liliwarudisha walikotoka. Kila mchimbaji anajua kwamba duara likianguka, eneo zima linazimwa: karasha, pampu, redio, hata mama lishe anaondoa sufuria motoni lisichemke. Jenereta likazimwa. Theonest akawaendea akina mama waliokuwa wakiomboleza, akawabembeleza, wakajiziba midomo kwa kanga. Dereva wa fuso alileta nondo yake ndefu bila kuambiwa. Mageni akaipokea.

Alianza mwisho wa ubavu. Alizamisha nondo kwenye mchanga polepole, akapiga magoti, akauma ncha ya juu kwa meno, akaziba masikio kwa viganja. Ndivyo wachimbaji wanavyosikiliza: chuma kinaleta sauti kwenye mfupa. Kilichokuja ni ziwa tu. Wimbi, wimbi. Akachomoa, akasogea, akazamisha tena. Wimbi. Akasogea. Alisikia kitu kikipiga, akashika pumzi, akagundua ni moyo wake mwenyewe. Alitamani kuukanyaga moyo ule unyamaze. Nyuma yake watu arobaini walikuwa wamesimama bila kukohoa, na mtoto mchanga wa mtu alipoanza kulia mama yake alimkimbiza mbali.

Alikuwa ameshapita pale Januari alipopashuku, ameshavuka, na jua limeanza kuinama, wakati meno yake yalipotetemeka.

Mara tatu.

Hakusogea. Labda ni moyo. Labda ni wimbi limegonga jiwe. Akasubiri, na kusubiri kule ndiko kulikomfanya baadaye aote nywele nyeupe hapa mbele. Tatu tena, polepole, zimepangwa vizuri, kama za mtu anayegonga mlango wa chumba cha Kalangalala akitoka shule. Mageni aliokota jiwe akagonga nondo mara mbili.

Kimya. Kisha tatu za haraka, zisizo na mpangilio, za mtu aliyejibiwa.

"Yuko hapa," alisema.

Sasa wale walikuwa wachimbaji kweli. Hakuna aliyegombania sufuria. Theonest aligawa watu: hawa wapande juu ya ubavu wapunguze mzigo kutoka juu, wausukumie pembeni, hawa wabaki na mbao. Januari alikimbilia karakana yake, akatoa mbao zote za mtumbwi aliokuwa akiujenga, mbao mpya za watu, zikakandamizwa kwenye mchanga moja baada ya nyingine na kuegemezwa miti, kama yanavyopigwa matimba kwenye kuta za duara. Ndani ya uzio ule wakaanza kuteka mchanga kwenda chini. Ulikuwa unavuja kwenye nyufa. Akina mama wakavua kanga wakaziba nyufa.

Mageni hakuachia nondo. Kila tatu zilipokuja alizijibu kwa mbili. Aliwaambia wanaochimba, "Yupo," nao wakachimba. Tatu. "Yupo." Tatu, zimechelewa kidogo. "Yupo."

Kisha hazikuja.

Akagonga mbili. Akasubiri. Akagonga mbili tena. Theonest aliinua uso kutoka shimoni, jasho na mchanga vimemfanya kama mzimu, akamtazama kwa macho ya kuuliza. Mageni alikuwa anakijua kimya hiki. Alikisikia juu ya shimo lile la Bulyanhulu akiwa na mtoto huyu huyu mgongoni. Jina la Limi lilitaka kumtoka, amwambie, sema, ita, nikusikie. Aliuma nondo mpaka jino likamegeka. Akagonga mbili. Akagonga mbili.

"Chimbeni," alisema, na sauti haikuwa yake.

Chepe liligonga ubao. Wakafagia mchanga kwa mikono, wakapata ubavu wa mtumbwi, Januari akashuka na shoka. Mtumbwi wa kaka yake, aliouunda mwenyewe ubao kwa ubao zamani, akaupasua bila kusita. Ubao ukang'oka. Hewa iliyotoka ilikuwa nzito, ya mbao zilizooza. Theonest akaingiza mikono mpaka mabegani, akavuta.

Limi alitoka akiwa amelegea, kanga ya mama yake imefungwa kiunoni. Walimlaza. Mageni alijitupa juu yake, akaweka shavu kwenye midomo yake, akasikia pumzi. Ndogo, moto, lakini pumzi. Paskalia alimmwagia maji kichwani, yale maji ya chupa ya Noela. Mtoto akafumbua macho.

Vifundo vya mkono wake wa kulia havikuwa na ngozi. Alimtazama mama yake, na kitu cha kwanza kusema, kwa sauti iliyokauka, kilikuwa kama anaomba radhi: "Mkono ulichoka, mama."

"Najua. Nimesikia zote."

"Sikulia."

"Najua."

Watu walianza kuimba kwa nyuma, wengine wanapiga vigelegele, Noela analia kwa nguvu miguuni mwa mama yake. Limi peke yake alikuwa kimya. Mwili wake wote ulikuwa unatetemeka, kidevu kinamcheza, macho yamejaa hadi ukingoni, lakini alikuwa ameyashikilia, na ule mkono uliochubuka ulikuwa umerudia kazi yake bila yeye kujua: ulikuwa unagonga kifua cha Mageni. Tatu, unapumzika. Tatu, unapumzika.

Mageni aliushika mkono ule. Akaweka mdomo kwenye sikio la mtoto.

"Lia, mwanangu. Umeshatoka. Hapa ni juu."

Limi alimtazama, hakuamini. Alikuwa anasubiri aone kama ni kweli. Mageni, ambaye hakuwa amelia tangu matanga ya Maduhu, alifungua kinywa ili amwonyeshe namna inavyofanywa.